Mpangaji anaharibu nyumba na mkataba bado haujaisha: mambo ya kuzingatia kabla

Tangu serikali ihamie Dodoma, nyumba za kupangisha zimeota Iyumbu, Ilazo, Nzuguni na Nkuhungu, na wenye nyumba wengi wala hawaishi huku. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam au Mwanza, kodi ya miezi sita imeshaingia kwenye simu, halafu siku moja jirani anapiga: dari ya sebuleni imetobolewa, mlango wa jikoni umeng'oka. Mkataba umebakiza miezi minne. Utakachoweza kudai siku hiyo kinategemea sana ulichofanya kabla ya kutoa funguo.

Kubwa kuliko yote ni makabidhiano. Piteni chumba kwa chumba wewe na mpangaji, mkipiga picha za vitasa, soketi, sinki, malumalu, nyavu za madirisha, na mita za umeme na maji namba zikisomeka. Andikeni orodha, msaini wote wawili, na mjumbe au jirani asaini kama shahidi. Dalali msimtegemee kwa hili. Akishapata mwezi wake mmoja, kitasa chako hakimhusu tena.

Kwenye orodha hiyo hiyo andikeni na kasoro zilizokuwepo, hata kama zinakuaibisha. Maji ya Dodoma yana chumvi: koki huota utando mweupe, zikaanza kuvuja bila kosa la mtu. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi huvimba kwa mvua za Desemba hadi Aprili na kusinyaa kiangazi, kuta zikapasuka. Ufa wa namna hiyo ni wa msingi wako, usimbebeshe mpangaji. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji aitunze nyumba, lakini uchakavu wa kawaida haumhusu. Rangi kufifia ni uchakavu. Masizi ya jiko la mkaa lililowashwa chumbani, au choo kilichozibwa kwa pampasi, huo ni uharibifu.

Mkataba nao useme wazi: amana ni kiasi gani na itakatwa kwa lipi, ukaguzi ni kila baada ya miezi mingapi na kwa taarifa ya siku ngapi, mpangaji akiharibu ana siku ngapi za kutengeneza, na asipotengeneza notisi itakuwaje. Ulipie ushuru wa stempu TRA. Wengi huuruka, kisha wanashangaa karatasi yao inapokataliwa kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe.

Habari mbaya ikishafika, usivamie. Toa taarifa, nenda mchana na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, piga picha upya sehemu zile zile ulizopiga mwanzo. Chukua makadirio ya maandishi kwa mafundi wawili, kwa sababu fundi mmoja aliyeletwa na wewe ataonekana ni wako. Kisha barua: kilichoharibika, kifungu kilichovunjwa, siku za kutengeneza. Baki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa.

Kumkatia umeme, kubadili kitasa akiwa kazini, kutoa vyombo vyake nje? Usithubutu. Mpangaji ana haki ya kukaa bila bughudha wakati mkataba unaendelea, na ukifanya hivyo wewe ndiye utakayeshtakiwa. Mkishindwana, anzeni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama amevunja kwa makusudi, hilo ni jinai, nenda polisi na picha zako.

Mara nyingi, lakini, mpangaji mwenyewe hukubali kuondoka mapema. Hapo pigeni hesabu mezani: kodi ya miezi iliyobaki pamoja na amana, toa gharama za fundi. Pesa inayobaki mrudishie baada ya kukagua nyumba ikiwa tupu, kupokea funguo zote, na kusaini wote wawili kwamba hamdaiani.