Kuunda BTR-60PB ya bati inayoelea

Gari hili la deraya la Kisovieti lina matairi 8, injini 2 za petroli zenye nguvu farasi 90 kila moja, na huelea lenyewe. Mfano wake ukitengenezwa kwa vipimo sahihi, nao utaelea bila ujanja wowote.

Gawanya vipimo vyote kwa 20. Gari halisi lina urefu wa mita 7.56, upana mita 2.83 na kimo mita 2.31, kwa hiyo mfano unakuwa takriban sm 37.8 kwa 14.1 kwa 11.5. Kwenye uzito ndipo wengi hukosea. Tani 10.3 hazigawanywi kwa 20, bali kwa 20 x 20 x 20, yaani 8,000, kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimepungua. Jibu ni kilo 1.29.

Chukua bati bapa la geji 30. Mafundi wa koroboi na ndoo hapa Mwanza huwa na vipande, na pasi yao ya kulehemu ndiyo unayoihitaji. Sehemu ya chini ya bodi ni sanduku jembamba la upana wa sm 9.5, ili matairi yakae ubavuni. Juu ya matairi bodi hutanuka hadi sm 14.1, kisha huinama kurudi ndani kuelekea paa. Acha mm 5 kila ukingo kwa ajili ya mkunjo. Usikate mlango wa nyuma: injini ziko huko, na askari hutokea juu au ubavuni. Lehemu nje penye hewa, maana moshi wa zinki na wa dawa ya kulehemu ni mbaya kwa mapafu.

Ekseli ndizo huzamisha mifano mingi. Spoki ya baiskeli, ambayo ndiyo ekseli, ikipita kwenye tundu tupu, maji huingia hata ukipaka gundi, kwa kuwa inazunguka na kuichana. Tumia antena ya redio iliyovunjika. Kata mirija 4 ya sm 10, uipitishe toka ubavu hadi ubavu, mm 4 juu ya sakafu, kisha ulehemu kila mwisho. Kwanza piga msasa kromu yote hadi shaba ionekane, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki. Spoki sasa inazunguka ndani ya mrija, na maji yanayoingia humo hayana njia ya kufika kwenye bodi. Kati ya ekseli ya pili na ya tatu acha nafasi kubwa kidogo, sm 7.6, kwingine sm 6.8.

Matairi ni soli za ndala, duara za sm 5.6. Mtutu ni kipande cha spoki.

Pima mfano mzima, kisha ongeza mchanga mkavu kwenye vifuko vya nailoni hadi ufikie kilo 1.29. Vibandike sakafuni, visitambae. Mchanga uliolegea hukimbilia upande mmoja na gari hupinduka. Maji yaliyovuja hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana gari halisi lina pampu ya kuyatoa.

Ubao wa mbele, bati la sm 12 kwa 2.5, uuinue kabla ya kuingia majini. Si pambo: huzuia pua isichimbe wimbi.

Jaribu kwanza kwenye beseni. Uzito ukiwa sawa, matairi huzama karibu yote. Pua ikiinama, sogeza mchanga nyuma. Ukienda ziwani, nenda asubuhi kabla upepo haujaanza kuvuma kutoka majini, na uusukume ukiwa juu ya mwamba au gatini. Usiingie kwenye maji ya kina kifupi yenye matete, kuna kichocho.

Ukiutoa majini, uusimamishe wima, uache mirija ichuruzike, kisha uitie grisi kabla spoki hazijashika kutu.