Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga ukanda wa bekingi kwenye pleti za jaribio la fundi wa kuchomelea

Katika jaribio la fundi wa kuchomelea linalofuata AWS D1.1, kanuni za Marekani za miundo ya chuma, pleti mbili zilizokatwa kingo kwa mshazari huwekwa zikiachana kwa milimita 6, na nyuma ya mwanya huo hukaa ukanda wa chuma, yaani bekingi, unaopokea chuma kilichoyeyuka cha mstari wa kwanza. Mafundi wengi humaliza muda wote wa maandalizi wakinoa mkono, kisha ukanda wenyewe wakaufunga haraka haraka kana kwamba ni kishikizo tu. Ukanda usiogusa pleti sawasawa huacha uwazi ambamo slagi, yaani takataka ya kuchomelea inayoganda, hujipenyeza, na mkono uwe hodari namna gani, hauwezi kuitoa slagi iliyokwisha kufunikwa na tabaka za juu.

Jambo la kwanza ni kusoma hati ya utaratibu wa kuchomelea, WPS, na kumwuliza mkaguzi pleti zitapimwa kwa njia gani, kabla flatibaa, yaani chuma bapa cha kutengenezea ukanda, haijakatwa. Pleti ya milimita 10 humpa fundi sifa ya kuchomelea unene usiozidi milimita 20, na ya milimita 25 humwondolea ukomo wa unene. Katika mchoro wa kawaida zote mbili huwa na mfereji wa nyuzi 45, yaani nafasi ya kujazwa iliyo kati ya kingo zao. Unene wa bekingi ni kati ya milimita 6 na 10. Upana wake ndio unaotegemea kipimo: milimita 25 zinatosha kwa kiwango cha chini, lakini pleti zikipigwa eksirei bila ukanda kuondolewa, upana usipungue milimita 75, na hapo hakuna taki, yaani mchomeleo mfupi wa kushikilia, inayoruhusiwa ndani ya eneo la jaribio. Fundi aliyekata ukanda mwembamba kwa kudhani pleti zitapimwa kwa kukunjwa tu, kisha akaambiwa kuna eksirei, itambidi aanze upya.

Ukanda uwe wa chuma kinachopatana na pleti, kisichopakwa zinki wala rangi, na uwe kipande kimoja kinachovuka ncha za pleti kwa kiasi cha milimita 25 kila upande, ili arki, yaani moto wa umeme unaoyeyusha chuma, ianzie na kuishia nje ya sehemu itakayopimwa. Vipande viwili vilivyosogezwa vikagusana havihesabiwi kuwa ukanda mmoja. Flatibaa iliyokatwa kwa mashine ya mkasi mara nyingi hutoka imejipinda, kwa hiyo ilazwe juu ya meza iliyo bapa na kukaguliwa kwa rula ya chuma, kisha inyooshwe. Magamba meusi ya kiwandani, kutu na mafuta yaondolewe kwa grenda kwenye uso wa ukanda na pia kwenye mgongo wa pleti pale zinapokutana, kwani sehemu hiyo ya pili husahaulika sana. Aliyezoea kuchomelea mwanya usio na bekingi huenda akaacha bapa la milimita moja au mbili kwenye ncha ya mshazari. Hapa ncha hiyo iachwe kali, kwa kuwa bapa hilo huzuia moto kuifikia vizuri kona ya pleti na ukanda.

Panapohitaji utulivu zaidi ni kwenye kuzuia kujipinda. Weldi, yaani mshono uliochomelewa, ikipoa huzivuta pleti kuelekea upande wa uso wake, na kwa sababu hiyo mafundi huzilaza mapema kinyume chake, kingo za nje zikiwa chini na mwanya ukiwa juu kama paa la nyumba. Jambo hilo ni sahihi, lakini ukanda ulionyooka ukiwekwa chini ya paa hilo utagusa pleti kwenye kingo zake za nje tu, na palipo na mwanya, ambapo ndipo unapohitajika, utakuwa umeachana nazo. Kanuni hazikubali uwazi unaozidi milimita 2. Kila pleti ikiinamishwa nyuzi 3, ukanda wa milimita 25 huacha uwazi wa takriban nusu milimita kwenye mzizi, yaani chini kabisa ya mfereji, ilhali ule wa milimita 75 huacha karibu milimita 1.8, yaani nafasi yote iliyoruhusiwa imekwisha kabla taki ya kwanza haijapigwa. Kwa ukanda mpana, ni afadhali kuukunja wenyewe kidogo katikati ufuate mwinamo wa pleti, au kufunga kila kitu kikiwa bapa na kuzuia kujipinda kwa klampu na vyuma vya kushikilia. Kwa maoni yangu njia ya pili ndiyo salama zaidi kwa asiye na mashine ya kukunjia.

Wakati wa kupiga taki, pleti na ukanda vibanwe kwa klampu kwanza, na vipande vya flatibaa ya milimita 6 vitiwe mwanyani kushikilia nafasi. Taki zipigwe nyuma, kwenye kona ya ukanda na pleti, karibu na ncha zitakazotupwa, kwa kubadilishana pande ili ukanda usivutwe upande mmoja. Zikipigwa ndani ya mfereji huacha nundu ambayo mstari wa kwanza utaipanda badala ya kuiyeyusha. Mwanya upimwe tena baada ya taki, kwa sababu taki hupoa zikivuta.

Ukaguzi wa mwisho ni wa kuingiza bati jembamba kati ya ukanda na pleti kutoka mfereji, mahali kadhaa, na kutazama kutoka kwenye ncha kama mwanga unapita. Ukipita, taki zikatwe kwa grenda, sehemu isafishwe na ukanda ufungwe upya. Kuugonga kwa nyundo huku taki zimeshikilia huzipasua bila kuuondoa uwazi. Pleti ya milimita 10 itakunjwa mzizi ukiwa upande unaovutwa, na mpasuko mmoja unaozidi milimita 3 unatosha kumwangusha fundi.