Kabla hujaanza zamu za usiku, fikiria mishipa yako ya damu

Ukipangiwa zamu ya usiku, kila mtu atakushauri namna ya kushinda usingizi. Mimi nakusihi uanze na mishipa ya damu, kwa sababu yenyewe huumia miaka mingi bila kukupa dalili.

Saa kuu ya mwili iko ubongoni na hufuata mwanga. Lakini hata kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zina saa zao, zinazoendeshwa na jeni kama BMAL1 na PER. Utando wa ndani wa mshipa hutoa gesi ya nitriki oksaidi, inayolegeza misuli ya mshipa ili damu ipite kwa urahisi. Adui wa gesi hiyo ni superoksaidi, molekuli haribifu ya oksijeni: vikikutana, gesi huisha na hubaki peroksinitriti, kitu kikali kinachojeruhi seli. Mwili una vimeng'enya vya kuizuia superoksaidi, na baadhi yake hufanya kazi kwa kufuata saa. Saa ikivurugika, kama inavyotokea kwa zamu za usiku, kinga hiyo hulegea, na mshipa hukakamaa polepole.

Kwa hiyo, kabla ya zamu ya kwanza, ijue presha yako. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Pima siku kadhaa na uandike. Kwa kawaida presha hushuka asilimia 10 hadi 20 mtu akilala, na isiposhuka, hatari ya kiharusi huongezeka. Kupimwa mara moja kliniki hakuonyeshi hilo, basi kama yako iko juu tayari, ulizia kifaa cha kuvaa kinachopima presha kwa muda wa saa 24.

Unatumia dawa za presha? Kubaliana na daktari utazimeza saa ngapi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 haukuona tofauti ya mshtuko wa moyo wala kiharusi kati ya waliozimeza asubuhi na waliozimeza jioni. Cha kuogopa ni kuruka dozi, na ratiba ikigeuka ni rahisi sana kusahau.

Andaa chumba chenye giza, na waambie wa nyumbani saa zako za kulala. Mlo mkubwa uwe kabla ya kazi, si usiku wa manane. Sigara iache sasa, maana moshi wake huongeza molekuli hizo haribifu. Vidonge vya vitamini E visikupe matumaini: majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba vinazuia mshtuko wa moyo.

Mshtuko wa moyo huwapata watu zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana, wakati ambao wewe utakuwa unarudi nyumbani umechoka. Kifua kikikubana, au mkono na taya vikiuma, usiseme ni uchovu wa zamu. Tafuta huduma ya dharura hapo hapo.