Namna ya kukosoa picha za sokoni na kupokea ukosoaji wake

Ukiombwa maoni kuhusu picha iliyopigwa sokoni na mtu anayejifunza, muulize kwanza alikusudia kuonyesha nini, kwa sababu picha ya mikono ya muuzaji ikihesabu chenji haipimwi kwa kigezo kimoja na picha ya msongamano wa wanunuzi. Kisha taja mahali hasa penye kasoro, pamoja na sababu yake. Kusema "rangi ni mbaya" hakumsaidii mtu. Kumweleza kwamba turubai la bluu lililotandazwa kama paa juu ya meza limetia nyanya na uso wa muuzaji rangi ya samawati, na kwamba angeweza kurekebisha mizani ya weupe kwenye kamera, yaani mpangilio unaofanya kitu cheupe kionekane cheupe, au kusubiri muuzaji asogee kwenye mwanga wa wazi, kunampa jambo la kufanya safari ijayo. Vivyo hivyo, mkono uliotoka na ukungu huenda ulipigwa kwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, ya 1/60 ya sekunde. 1/250 kwa kawaida hutosha kuutuliza, ingawa mimi binafsi huona kwamba ukungu kidogo katika mkono unaopima bidhaa una uhai wake.

Nawe unayekosolewa, usikimbilie kueleza jinsi ulivyohangaika kupenya umati, maana mtazamaji haioni shida hiyo, anaona picha tu. Andika alichosema, punguza kingo za picha kama alivyopendekeza hata kama hukubaliani naye, kisha ziweke nakala zote mbili sambamba na uzitazame tena kesho yake, hasira ikiwa imekwisha kupoa.