Mazoezi kanisani, anzeni hivi
Makanisa ya Wamarekani weusi washatuonyesha, pasta akitembea waumini wanamfuata, kwa hivyo mshike pasta wako kwanza, matangazo baadaye. Halafu tafuta mtu wa kwaya mwenye sauti aongoze, manake watu wakiimba hawahesabu hatua. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mkutane Mama Ngina, pale ufukweni, kabla jua halijawa kali (Mombasa ushaijua, saa tatu tu umelowa jasho), mtembee dakika 30 mwendo wa kuhema kidogo lakini bado mnaongea. WHO (shirika la afya duniani) wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, kwa hivyo siku zingine nne kila mtu atembee mtaani kwake. Kina mama leso zao sawa tu, raba ndo muhimu. Mwenye presha aulize daktari kwanza. Na mahamri baada ya hapo, jamani, moja moja.