Tenda imepewa mwingine na unashuku upendeleo: jinsi ya kuomba mapitio ndani ya siku 14

Mzabuni aliyeshindwa, awe Kisumu, Nakuru au Kakamega, ana siku 14 za kulalamika rasmi. Hesabu inaanza siku inayofuata ile uliyoarifiwa kwamba hukufaulu, na Jumamosi na Jumapili zimo. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ndipo unasogezewa hadi siku ya kazi inayofuata. Wengi huimaliza wiki ya kwanza wakimpigia simu mwakilishi wa wadi, afisa wa ununuzi, au mtu anayemjua mtu. Hakuna hata mmoja wao mwenye uwezo wa kusimamisha mkataba. Mwenye uwezo huo ni bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma, PPARB, iliyoko Nairobi, na mamlaka yake yanatoka katika Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma ya Kenya ya 2015.

Anza na barua uliyotumiwa. Inapaswa kukuambia nani ameshinda, kwa bei gani, na kwa nini zabuni yako haikupita. Sentensi moja ya "haikutimiza masharti" haitoshi, na hiyo peke yake ni hoja unayoweza kuiweka mbele ya bodi. Siku hiyo hiyo andika kudai sababu kamili, muhtasari wa ripoti ya tathmini na nakala ya rejista ya siku zabuni zilipofunguliwa. Ipeleke barua kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Usikae ukingoja jibu, kwa sababu kuomba taarifa hakusimamishi zile siku 14.

Sasa tuje kwenye upendeleo, maana hapa ndipo malalamiko mengi ya haki huangukia. Sheria ya Ushahidi inasema anayedai ndiye anayethibitisha. Kila mtu mtaani anaweza kuwa anajua kwamba mshindi ni mtu wa nani, lakini bodi haiamui kwa yanayojulikana mtaani. Inaamua kwa karatasi.

Njia ya kwanza ni kuonyesha uhusiano. Kifungu cha 66 cha ile Sheria ya Ununuzi kinamkataza afisa mwenye mgongano wa maslahi kushiriki katika shughuli za ununuzi, na jamaa wanaohesabiwa ni pamoja na mke au mume, watoto, wazazi na ndugu, wakiwemo wale wa upande wa ndoa. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uombe CR12 ya kampuni iliyoshinda. Itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Shida ni kwamba mara nyingi hutayajua majina ya waliokaa kwenye kamati ya tathmini, ambayo kisheria ina watu watatu hadi watano. Kwa hiyo katika ombi lako iombe bodi ikague barua za uteuzi wa kamati hiyo na fomu za kutangaza maslahi. Taasisi inalazimika kuikabidhi bodi faili nzima, hata zile kurasa za siri ambazo wewe hutaonyeshwa.

Njia ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi: achana na nia ya mkadiriaji, fuata alama alizotoa. Kifungu cha 80 cha sheria hiyo hiyo ya ununuzi kinataka zabuni zipimwe kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye hati ya zabuni, na si vinginevyo. Tuseme kikundi cha vijana wa Kondele kimeomba kazi ya kukarabati zahanati. Hati ilidai ushahidi wa kazi mbili za aina hiyo, wao wakaleta mbili, kisha wakaangushwa kwa kukosa nne. Hapo hakuna haja ya kujua nani alikula na nani. Kigezo kilibadilishwa katikati ya safari, na hilo linaonekana kwa kuweka kurasa mbili kando kwa kando. Au hati ilitaka kontrakta wa daraja la 6 na kupanda la NCA, mamlaka ya ujenzi ya taifa, na rejista ya NCA inaonyesha mshindi yuko daraja la 8, ambalo liko chini ya hilo. Au cheti chake cha kodi kilikuwa kimeisha muda siku zabuni zilipofungwa. Kagua hayo yote, kisha kagua kama wewe mwenyewe ulipimwa kwa ukali ambao yeye hakupimwa nao. Tofauti hiyo ndiyo upendeleo unaothibitika.

Kwa hiyo usiandike kwenye taarifa ya kiapo inayoambatana na ombi lako kwamba wakadiriaji walihongwa ikiwa huna ushahidi. Habari za hongo zipeleke EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ambayo ina ofisi Kisumu, Nakuru na Bungoma, lakini fahamu kwamba uchunguzi wao hausimamishi mkataba wala hauongezi siku zako. Na kama masharti ya tenda yenyewe yalikatwa kumfaa mtu mmoja, ulipaswa kulalamika ndani ya siku 14 tangu ulipoyaona. Ukiingia kwenye mashindano kimya, ukashindwa, ndipo ulalamikie masharti, utaambiwa umechelewa.

Ombi lenyewe hujazwa kwenye fomu iliyo katika jedwali la 14 la kanuni za 2020 za sheria hiyo ya ununuzi. Kwa kila hoja taja kifungu kilichovunjwa, eleza ni kitendo gani kilichokivunja, kisha useme hasara uliyopata au unayohofia kuipata. Ambatisha taarifa ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, hati ya zabuni, zabuni yako, barua ya matokeo na ushahidi wako, kurasa zote zikiwa na namba. Walalamikiwa wawe taasisi yenyewe pamoja na afisa wake anayewajibika kwa fedha (katika idara ya kaunti huyo ni afisa mkuu wa idara), na mshindi aunganishwe pia. Usimwache yeyote kati yao. Kuna maombi yaliyotupwa kwa sababu ya majina kukosekana tu, bila hoja hata moja kusikilizwa. Ada hutegemea thamani ya zabuni na hairudishwi. Ipigie simu sekretarieti ya bodi mapema uulize kiasi chako ni kipi na nakala wanazipokea kwa njia gani, ndipo uamue kama utazituma kwa basi la usiku au utazipeleka mwenyewe.

Ombi likishapokelewa, katibu wa bodi huiarifu taasisi na shughuli zote za tenda hiyo husimama. Bodi ina siku 21 za kuamua. Inaweza kufuta ushindi, kuagiza tathmini irudiwe, kuamuru tenda ianze upya, au kulitupilia mbali ombi lako na kukutwika gharama. Haina mamlaka ikiwa mkataba umeshatiwa saini kihalali, lakini saini kabla ya siku 14 kuisha tangu barua za matokeo zitumwe si halali. Basi ukisikia mkandarasi ameshaanza kumwaga mchanga siku ya tano, usikate tamaa. Piga picha, andika tarehe, uiweke kwenye kiapo.

Usiporidhika na uamuzi, una siku nyingine 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na Busia, nayo ina siku 45 za kuamua. Kutoka hapo ni siku 7 tu za kufika Mahakama ya Rufani. Mahakama ikipitisha muda wake bila kuamua, uamuzi wa bodi ndio unaobaki. Kwa hiyo kama ni wakili unamlipa, mlipe aandae ombi la kwanza, maana ushahidi ambao hukuuweka mbele ya bodi ni vigumu sana kuuingiza mahakamani baadaye.