Namna ya Kujichukulia Sampuli ya Mlango wa Kizazi na Kuyaelewa Majibu

Dada au mama unayepewa kijiti cha sampuli ya kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi katika kliniki ya Temeke au Kinondoni, nawe unaona haya kupanda kitandani kupimwa, kazi hii unaiweza mwenyewe. Nawa mikono, weka mguu mmoja juu ya kiti, ingiza kijiti ukeni taratibu bila kulazimisha, kizungushe kwa sekunde 10 hadi 30, kisha kirudishe kwenye kichupa chake bila kuigusa pamba. Ukiwa hedhini, subiri.

Maabara kwanza hutafuta virusi vya HPV, vinavyoenea kwa kujamiiana, ambavyo aina zake mbili, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Kukutwa na virusi si kukutwa na saratani, na hili naomba lishikwe sana, kwa kuwa miili ya wanawake wengi huviondoa yenyewe. Hapo ndipo zinapofaa alama za metilesheni: seli zinapoelekea kwenye saratani, vikundi vidogo vya kemikali viitwavyo metili hujibandika kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli, katika jeni kama FAM19A4 na miR124-2, na kuzizima. Mtaalamu huitia DNA kemikali ya bisalfaiti, ambayo hugeuza herufi C za DNA zisizo na metili na kuziacha zenye metili kama zilivyo, kisha hupima zilizobaki.

Majibu ya metilesheni yakiwa chanya, usikawie kwenda kuangaliwa kwa kolposkopu, chombo cha kuukuza mlango wa kizazi ili uonekane vizuri. Yakiwa hasi, rudi tarehe uliyopangiwa, kwani virusi huenda bado vimo.